Kumlaza kobe kwenye friji: usingizi wa baridi na hatari ya joto lisilotulia

Kila ifikapo Oktoba, wateja wa kliniki ya wanyama ninayofanyia kazi hapa kusini mwa Uingereza huanza kuleta swali lile lile kwa sura mbalimbali: kobe amepunguza kula, anajibanza pembeni, hatoki tena juani, je, wakati wa kumlaza umefika? Kwa kawaida swali hilo huwa limechelewa. Maandalizi ya usingizi wa baridi, yaani ile miezi ya baridi ambayo kobe hulala bila kula, huanza Agosti, mnyama angali anakula vizuri, na uamuzi wa kumlaza hutegemea afya yake na aina yake, si baridi iliyoko nje.

Aina ndilo jambo la kwanza. Wanaolala ni kobe wa nchi zenye majira ya baridi ya kweli, kama vile kobe wa Hermann wa kusini mwa Ulaya, Testudo graeca anayepatikana pande nyingi za Bahari ya Kati, na kobe wa Horsfield wa nyika za Asia ya Kati. Hata hivyo, wale wenye asili ya sehemu zenye joto za Afrika Kaskazini, kama Tunisia, hawafai kulazwa kwa muda mrefu, na baadhi yao hawafai kulazwa kabisa. Kobe wetu wa Afrika Mashariki hawamo katika orodha hii. Kobe mwenye madoa wa mbugani, kobe bapa anayeishi kwenye nyufa za majabali ya Tanzania na Kenya, pamoja na wale majitu wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambao asili yao ni Aldabra huko Shelisheli, hawana usingizi wa baridi katika maisha yao, na kumtia mmoja wao kwenye friji ni kumuua. Nalisema hili waziwazi kwa sababu Waswahili wenzangu wanaoishi Ulaya huniuliza mara nyingi, wakidhani kwamba kobe ni kobe tu.

Kwa wale wanaolala, ni muhimu kuelewa kinachotokea mwilini. Kobe hajitengenezei joto lake. Mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Likishuka hadi nyuzi 5 za Selsiasi, moyo hupiga polepole mno, tumbo huacha kusaga chakula, na akiba ya mafuta na maji hutumika kidogo kidogo, kama kibatari kilichoshushwa utambi. Likishuka chini ya nyuzi 0, maji yaliyomo mwilini huanza kuganda, na macho huweza kuharibika kiasi cha mnyama kuamka akiwa kipofu. Hatari hiyo wenye kobe wengi wanaijua. Wasiyoijua ni ile ya upande wa pili: joto likipanda kufikia nyuzi 10 na zaidi, mwili huanza kuamka na kuteketeza akiba yake, ilhali mwenyewe bado yumo gizani ndani ya boksi, hali wala hanywi.

Hapo ndipo majira ya baridi ya Uingereza yanapowashinda kobe. Wiki moja ya Novemba inaweza kuwa na mchana wa nyuzi 13 na usiku wa sakitu. Huko kwao kobe hujichimbia ardhini, ambako udongo humkinga na mabadiliko ya haraka ya hewa. Boksi lililowekwa kwenye banda la bustani halina kinga hiyo, na panya nao huingia humo wakamtafuna miguu mnyama asiyeweza kujitetea. Ndiyo maana napendekeza friji bila kusita. Wapo wanaoona ni ukatili. Mimi naona friji ndiyo inayokaribia zaidi lile shimo la ardhini kuliko kitu kingine chochote kilichomo nyumbani.

Agosti nataka kumwona kobe akiwa macho. Nachunguza mdomo, pua na macho, naomba kinyesi kwa ajili ya kupima minyoo, na jike nampiga eksrei nikishuku kwamba ana mayai. Kisha namweka kwenye mizani na kupima urefu wa gamba lake. Wengi hutegemea kipimo cha Jackson, kilichotungwa na daktari wa wanyama Mwingereza, Oliphant Jackson, ambacho hulinganisha uzito na urefu. Ni kipimo chenye manufaa, lakini kilitokana na Testudo graeca na kobe wa Hermann peke yao, kwa hiyo hakimfai kobe wa Horsfield mwenye umbo la mviringo. Isitoshe, mizani haitofautishi mafuta na mayai, wala misuli na jiwe lililomo kibofuni. Kobe anayetoka kamasi, mwenye vidonda mdomoni, mwenye mayai au aliyekonda halazwi mwaka huo. Atakaa macho chini ya taa ya joto na taa ya miale ya urujuanimno, akilishwa kama kawaida, na hatapata madhara kwa kukosa usingizi wa msimu mmoja.

Aliyefaulu uchunguzi huachishwa chakula wiki tatu hadi nne kabla ya kulazwa ikiwa ni mkubwa, na muda mfupi zaidi ikiwa ni mdogo. Katika kipindi hiki watu wengi huondoa chakula na joto siku ile ile, jambo ambalo linaharibu maana ya mfungo wenyewe: tumbo linahitaji joto ili limalize kusaga na kutoa kilichomo, na chakula kinachobaki ndani huchacha na kuoza wakati wa usingizi. Basi taa iendelee kuwaka mwanzoni, na joto lipunguzwe hatua kwa hatua katika wiki ya mwisho. Maji hayakatazwi kamwe. Kila siku kobe aogeshwe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika kidevuni, kwa muda wa dakika 20 hivi, kwa sababu hapo ndipo hunywa na kujaza kibofu, ambacho kwake ni ghala la maji ya msimu mzima.

Friji yenyewe isiwe na sehemu ya kugandishia barafu, na iendeshwe wiki mbili ikiwa tupu ili ujue tabia yake. Chupa za maji zilizopangwa ndani husaidia joto kutulia. Kipimajoto kiwe kile kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini, na kitambuzi chake kiwe ndani ya boksi la kobe, si kwenye rafu. Mimi hulenga nyuzi 5 na kuvumilia kati ya 3 na 7. Boksi litobolewe matundu, lijazwe udongo wenye unyevu kidogo, na lisiguse ukuta wa nyuma wa friji, kwa kuwa bati la huko huwa baridi zaidi na mara nyingine hufanya barafu. Mlango ufunguliwe kidogo kila siku ili hewa ibadilike.

Mara moja kwa wiki mtoe kobe na umpime uzito, kumshika hakumwamshi. Ukigusa mguu wa nyuma atauvuta ndani polepole, na hiyo ni dalili njema. Kagua pia upande wa tumbo: wekundu unaojitokeza chini ya gamba unahitaji daktari siku hiyo hiyo. Kobe mkubwa mwenye afya hupoteza takriban asilimia 1 ya uzito kwa mwezi, hivyo aliyelala akiwa na gramu 1,200 anatarajiwa kupungua gramu 12 hivi. Akipungua gramu 40 katika wiki moja, au ukikuta udongo umelowa kwa mkojo, usingizi umekwisha hata kama kalenda inasema vingine, kwa kuwa maji aliyoyapoteza hana namna ya kuyarudisha akiwa amelala. Jumla ya upungufu isifikie asilimia 10. Kwa mkubwa sipitishi wiki 16; wadogo hulala wiki chache tu.

Siku ya kumwamsha, mwache apate joto la chumba kwa saa kadhaa, kisha awashiwe taa na aingizwe kwenye beseni la uvuguvugu. Maji ndiyo yatangulie, kwani figo zina taka za miezi kadhaa za kuzitoa, na mara nyingi kobe ambaye hajanywa hali chakula. Chembe nyeupe za damu huwa chache wakati huu, hivyo maradhi ya mdomo na pua hupata nafasi kirahisi. Jua la Machi la hapa Uingereza halitoshi. Anahitaji sehemu ya kuotea yenye nyuzi 30 au zaidi, na asirudishwe kwenye friji hata theluji ikianguka. Asipokula ndani ya wiki moja, mlete kliniki pamoja na daftari la uzito wake, maana tarakimu hizo ndizo nitakazozisoma kabla ya kumchukua damu.