Kuita majina darasani: mambo ambayo wazazi wa Lubumbashi wanapaswa kujua

Tangu shule zifunguliwe mwezi wa tisa, malalamiko ya namna mbili yanafika sana kwetu wakaguzi wa shule za msingi hapa Lubumbashi, Kongo (DRC). Kuna mzazi anayesema mtoto wake alifika lakini akaandikwa hayupo. Kuna mwingine ambaye mtoto wake alirudishwa mlangoni kwa sababu alichelewa. Kesi ambazo zingali mikononi mwa sudivizio (ofisi ya elimu ya eneo) sitazigusa. Lakini malalamiko mengi yanatokana na wazo kwamba nusu saa ya kwanza ni ya nyimbo na sala tu, na masomo yanaanza baadaye.

Wazo hilo linawaumiza watoto. Kengele ikilia (mahali pengi ni rimu la gari lililotundikwa kwenye mti), watoto wanapanga mstari, bendera inapandishwa, wimbo wa taifa unaimbwa, mwalimu anapita akitazama kucha na mashati meupe, wanaingia. Majina yanaitwa, na mara moja linaanza somo zito. Lugha na hesabu zimewekwa mwanzoni makusudi, akili ya mtoto ikiwa bado haijachoka. Kuimba, kuchora na mazoezi ya mwili vinaweza kungoja. Somo moja ni dakika 30. Shule ikianza 7h30 (saa moja na nusu asubuhi), mtoto wa mwaka wa kwanza anayefika 8h15 (saa mbili na robo) amekuta wenzake wanafunga daftari la kusoma, na mwalimu mwenye watoto 70 hawezi kurudilia somo kwa ajili yake peke yake.

Na kusoma huko, mwaka wa kwanza na wa pili, kunafanyika kwa Kiswahili. Ndiyo programu ya taifa, mwalimu hakujitungia. Inachosha kusikia kila mwaka wazazi wakimgombeza mwalimu kwamba hawakuleta mtoto shuleni ili afundishwe lugha ya nyumbani. Kifaransa mtoto anakianza kwa kusikia na kusema tangu mwaka wa kwanza, na kuanzia mwaka wa tatu ndicho kinachofundishia masomo mengine. Mtoto aliyekwisha kuelewa kwamba m na a zinatoa ma hatajifunza kusoma mara ya pili. Ataongeza maneno tu.

Sasa rejista. Kila mtoto ana mstari wake, na kila siku ina kisanduku chake. Mwalimu anaita majina watoto wakiisha kuketi, na tunamwomba ahesabu tena baada ya rekreasio (mapumziko), maana wako wanaoruka ukuta. Asiyekuwepo, kisanduku chake kinapigwa mkwaju mmoja, yaani mstari wa mshazari. Akifika baadaye, mkwaju ule unakatwa na mwingine, unakuwa msalaba, na mwalimu anatia sahihi ndogo kando. Hakuna kukwangua kwa wembe, hakuna kupaka blanko (wino mweupe wa kufutia). Rejista iliyokwanguliwa tunaiona mara moja: karatasi inakuwa nyembamba ukiinyanyua dirishani. Mwalimu anayefanya hivyo anaandikiwa barua ya kuombwa maelezo. Maelezo yasiporidhisha, sheria ya watumishi wa serikali ya mwaka 2016 inataja adhabu kwa ngazi: karipio la maandishi, kukatwa theluthi ya mshahara, kusimamishwa kwa muda, na mwisho kufukuzwa kazi.

Mwisho wa mwezi anapiga hesabu. Tuseme darasa lina watoto 60 na mwezi ulikuwa na siku 22 za masomo. Mahudhurio yaliyotarajiwa ni 1,320. Mikwaju ikiwa 132, yanabaki 1,188, yaani asilimia 90. Wavulana na wasichana wanahesabiwa kila kundi peke yake, na direkta (mkuu wa shule) anatia sahihi. Hesabu hiyo inatuonyesha mambo ambayo mzazi hayaoni, kwa mfano wasichana wa mwaka wa tano wanaopotea siku ileile kila juma kwa sababu mama yuko sokoni na kitoto kimebaki nyumbani.

Ugonjwa na matanga ni sababu zinazokubalika. Mtume mtu aje aseme, au mpe mtoto karatasi, hata iwe kipande. Kulinda nyumba si sababu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Ile ya bure, iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019, kila mmoja anaidai, na ana haki. Lakini mtu akiitwa kwa konvokasio (barua ya wito) kwa sababu mtoto amekosa majuma mawili, anashangaa kana kwamba anaonewa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 nayo inawapa wazazi wajibu wa kupeleka watoto wote shuleni, bila kuchagua.

Kuhusu mlango, msimamo wetu kwa madirekta hauna mafumbo. Mtoto aliyechelewa anaingia. Ukimrudisha, atatembea peke yake kando ya malori wakati mzazi anaamini yuko darasani. Atakaripiwa ndani, na anayechelewa kila siku, mzazi wake ndiye anayeitwa. Kumrudisha kwa sababu ya pesa ndiyo kabisa hairuhusiwi katika shule ya msingi ya umma, hata pesa hizo zipewe jina gani.

Mwenye shaka juu ya mkwaju wa mtoto wake asiingie darasani wakati wa somo. Tumeona mzazi akibishana na mwalimu mbele ya watoto, ubao umeandikwa nusu, na somo likafia hapo. Njoo saa ya rekreasio, mwombe direkta akuonyeshe mstari wa mtoto wako. Msiposikilizana, peleka jambo kwa kamati ya wazazi, halafu sudivizio, au koordinasio (ofisi ya shule) ya kanisa ikiwa ndilo linalosimamia shule. Andika tarehe, darasa na jina la mtoto. Barua inayosema tu kwamba "mwalimu ananichukia" hatuwezi kuifuatilia.