Anwani ya IP si alama ya kidole

Tangu kampuni za muziki za Marekani zianze kuwashtaki watu binafsi mwaka 2003 kwa kugawiana nyimbo mtandaoni, wengi wameamini kwamba anwani ya IP, yaani namba inayotumika kupeleka na kupokea data kwenye intaneti, ni kama alama ya kidole: ikinaswa, mwizi kanaswa. Si kweli, na imani hiyo imewaumiza wasio na hatia.

Anwani hutambulisha muunganisho wa intaneti, si mtu. Vifaa vyote vilivyo kwenye ruta moja kwa kawaida huonekana nje kwa anwani moja, awe anayetumia ni mwenye nyumba, mgeni, au jirani aliyepata nywila. Tena watoa huduma wengi hubadilisha anwani za wateja wao; saa ya tukio ikikosewa, jina litakalotolewa laweza kuwa la mtu mwingine kabisa.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha jambo ambalo kila hakimu angepaswa kulijua. Walifanya anwani za printa zionekane kwenye orodha za wanaogawiana mafaili kwa BitTorrent, mfumo wa kugawiana mafaili mtandaoni, na printa hizo zikaletewa notisi za kukiuka hakimiliki. Printa! Wafuatiliaji wanaowasaka wakiukaji kwa niaba ya wenye hakimiliki walikuwa wamesoma orodha tu, bila kuthibitisha kwamba kuna faili lililopakuliwa.

Anwani bado ina kazi yake, ya kuanzishia uchunguzi. Mwaka 2018, katika kesi ya filamu, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa nchini Marekani iliamua kuwa anwani ya IP kusajiliwa kwa jina lako, peke yake, hakutoshi kuwa msingi wa kukushtaki kwa kukiuka hakimiliki.