Je, wajua kwa nini kahawa iliyoachishwa dawa huweza kuugua zaidi kuliko ile isiyowahi kupigwa dawa? Jibu linaanzia juu ya jani.

Chukua jani moja la sukuma wiki kwenye kibanda chochote cha mboga Kangemi au Githurai, uliinue juu penye mwanga. Utaona mishipa, utaona ile nta ya kijivu inayofanya maji yateleze bila kulilowesha, na ukiligeuza pengine utakuta vidukari wachache wamejibanza. Usichokiona ni bakteria, milioni 1 hadi 10 kwenye kila sentimita mraba. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Jani la kujaza kiganja tu hubeba bakteria kupita idadi hiyo, na hapo hatujagusa hamira na kuvu, ambao ni wachache zaidi lakini wapo.

Wengi wao hawalidhuru jani. Wanaishi kwa vinavyomwagika: sukari kidogo inayopenya kwenye nta, chavua iliyoangukia hapo, utamu unaotoka kwa vidukari. Kuna jamii moja, methilobakteria, inayokula methanoli, kemikali ambayo jani hutoa kupitia vitundu vyake vya kupumulia linapokua. Bakteria hawa wana rangi ya waridi, na rangi hiyo huwakinga na jua. Ukilikandamiza jani kwenye sahani ya maabara yenye chakula cha methanoli, kisha ukalibandua na kuiacha sahani siku chache, umbo la jani hujichora lenyewe kwa vidoadoa vya waridi. Kila kidoa ni ukoo mzima uliotokana na bakteria mmoja au wawili waliokuwa wamekaa mahali pale.

Maisha ya juu ya jani ni magumu. Saa sita mchana jua linachoma, usiku wa Julai kuna ukungu na baridi ya Limuru, katikati kuna upepo unaokausha kila kitu. Ndiyo maana vijidudu hawa hawakai popote. Wanajazana kando ya mishipa, kwenye mashina ya vinyweleo na kwenye vibonde ambako tone la maji hukawia kukauka, wakiwa wameshikana kwa ute wao wenyewe. Sasa spora ya ugonjwa, yaani chembe ya uzazi ya kuvu, ikitua hapo, inakuta hali ya matatu pale kituo cha Odeon, Nairobi, saa kumi na mbili jioni: viti vimejaa na konda ameshafunga mlango. Sukari ambayo ingeiwezesha kuchipua imeshaliwa. Madini ya chuma yameshanyakuliwa. Baadhi ya wenyeji hata hutoa sumu zao ndogo za kumfukuza mgeni.

Halafu anakuja mkulima na pampu mgongoni.

Dawa za ukungu, yaani za kuua kuvu, zenye shaba, au zile za unga kama mankozebu, hazichagui. Zimetengenezwa kugonga kuvu mahali pengi kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu ugonjwa hushindwa kuzizoea kwa urahisi. Lakini hamira asiye na hatia naye ni kuvu, kwa hiyo anakwenda na maji. Shaba huongeza balaa kwa kuua bakteria pia. Baada ya siku au wiki kadhaa jani hujaa tena, ila mara nyingi si kwa mchanganyiko ule ule. Wanaotangulia kurudi ni wale wanaostahimili shaba. Tena jeni za kuvumilia shaba wakati mwingine husafiri pamoja na jeni za kuvumilia antibiotiki, jambo ambalo kwa maoni yangu linastahili kelele zaidi kuliko linavyopata.

Mfano bora wa haya yote haukutoka mbali. Ulitoka kwenye kahawa yetu, ile ya Kiambu na Ruiru unayoipita ukitoka mjini kwa barabara ya Thika. Mwaka 1922 uligunduliwa hapa Kenya ugonjwa wa chulebuni, ambao wakulima wetu huuita CBD tu (coffee berry disease). Ni kuvu anayeozesha buni ikiwa bado changa na mbichi. Tunda linapata doa jeusi lililobonyea, doa linapanuka, na mwishowe linabaki ganda kavu jeusi. Mwaka wa mvua nyingi na baridi unaweza kumla mkulima zaidi ya nusu ya mavuno. Wakulima wakapiga dawa, na dawa ilisaidia.

Kitendawili kilikuja pale dawa iliposimamishwa. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi kwenye kahawa ya Kenya, hasa katika miaka ya 1960 na 1970, waliona kwamba miti iliyokuwa ikipigwa dawa kisha ikaachwa iliweza kupata chulebuni kali kuliko miti ya jirani ambayo haikuwahi kuguswa na pampu. Kama dawa ingekuwa inaondoa ugonjwa tu, mti ulioachwa ungekuwa sawa na jirani yake, usingekuwa na hali mbaya zaidi. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba dawa ilikuwa imefagia pia vijidudu wanaoshindana na kuvu huyu, hasa kwenye magome ya matawi anakojificha na kutoa spora. Dawa ilipoisha nguvu, yeye akarudi kwenye nyumba isiyo na wenyewe.

Hilo si sababu pekee, na ni vizuri lisikuzwe kupita kiasi. Shaba pia huufanya mkahawa ushikilie majani yake kwa muda mrefu. Mti wenye majani mengi ndani yake huwa na unyevu unaokawia, na unyevu ndio karamu ya chulebuni. Wala hakuna mtafiti aliyewaambia wakulima watupe pampu. Ushauri ulikuwa huu: ukianza msimu wa kupiga dawa, umalize, maana kupiga nusu kunaweza kuwa hasara kuliko kutopiga kabisa. Nafuu ya kweli ilikuja kwa mbegu: aina ya Ruiru 11, iliyotolewa 1985, inastahimili chulebuni na kutu ya majani, na mwenye nayo huhitaji dawa kidogo sana ya ukungu.

Dawa za wadudu zina hadithi nyingine. Katika majaribio yaliyofanywa China kwenye matango, dawa ya wadudu iitwayo saipamethrini iliongeza wingi wa bakteria juu ya majani na kupunguza kuvu. Kwa nyingine, kama zile za jamii ya organofosfeti, wapo bakteria wenye vimeng'enya vya kuikata sumu vipande vipande na kuifanya chakula. Na usisahau vidukari: wakifa, ule utamu wao unakatika, na kuvu mweusi kama masizi anayeutegemea hupungua pia.

Jambo la mwisho ni la mfukoni. Siku hizi agroveti nyingi za pembezoni mwa Nairobi huuza vijidudu wenyewe kwenye pakiti, Trikoderma na Basilasi, wa kupambana na magonjwa. Trikoderma ni kuvu. Ukimtia kwenye pampu moja na dawa ya ukungu ili kuokoa safari, mara nyingi umeua kwa mkono wa kushoto ulichonunua kwa mkono wa kulia. Basilasi, ambaye ni bakteria, ni mgumu kidogo kwa sababu hutengeneza spora, lakini naye soma kibandiko kwanza. Osha pampu vizuri, acha siku ambazo kibandiko kimetaja kati ya dawa na pakiti, na unyunyizie jioni, jua likiwa limelegea.