Paka wa Lamu na sahani yake: yanayosemwa na yaliyo kweli

Lamu, paka hahesabiwi mgeni. Analala barazani Mkomani, anazunguka chini ya meza za samaki sokoni karibu na Ngome, na paka wa nyumba haingwi. Watu humpa chakula kwa moyo mweupe, wengi wakiikumbuka hadithi ya Mtume juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka asimlishe wala asimwache ajitafutie. Kwa hiyo hatuna haja ya kuhimizana kulisha. Shida iko kwenye kile tunachokiweka sahanini.

"Paka chakula chake samaki, basi."
Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu mwenye paka huwa anaamini amempa kilicho bora. Samaki ni chakula kizuri, lakini hatoshi akiwa peke yake kila siku. Baadhi ya samaki wabichi, wakiwemo jamii ya dagaa, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka anayewala wabichi mfululizo huanza kukataa chakula, kisha anayumba, na shingo inainama mpaka kidevu kinakaribia kifua. Hapo watu husema kapigwa au karogwa. Huyo anahitaji daktari wa mifugo upesi, kwani degedege huweza kufuata. Kuwapika samaki hukiua kimeng'enya hicho.

Jodari na samaki wengine wenye mafuta mengi wana lao. Paka akilishwa hao tu bila vitamini E ya kutosha, mafuta ya mwilini huvimba na kuwa magumu, hata kumpapasa mgongoni kukamuuma. Ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, nayo ina chumvi nyingi mno, asipewe.

"Akila wali na mchuzi anashiba kama sisi."
Tumbo linajaa, mwili unabaki na njaa. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Anahitaji taurini, kirutubisho kilichomo nyamani, ambayo wali na ugali havina, na mwili wake hautengenezi ya kutosha. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani, Paul Pion akiwa mmoja wao, walionyesha kwamba kuikosa taurini hulegeza misuli ya moyo wa paka, na kwamba wengi hupata nafuu wakiongezewa. Macho pia huharibika, na uoni uliokwisha kupotea haurudi. Chakula cha mbwa hakifai kwa sababu hiyo hiyo.

Taurini imo kwa wingi katika moyo wa kuku au wa ng'ombe na kwenye nyama ya paja la kuku. Ukichemsha, sehemu yake hutoka na maji, kwa hiyo supu hiyo isiyo na chumvi mmwagie juu ya chakula. Maini mpe kidogo tu, kwani vitamini A ikizidi huharibu mifupa ya shingo. Nyama tupu nayo haina kalsiamu ya kutosha, jambo baya hasa kwa mtoto wa paka. Mwenye uwezo achanganye na chakula cha dukani kilichoandikwa kwamba ni chakula kamili cha paka. Mkebe wa jodari wa watu si chakula hicho.

Mchuzi wenyewe una sumu ndani yake. Vitunguu na thomu, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu ya paka. Samaki wa kupaka aliyebaki usiku hata ukimwosha, viungo vimeshamwingia. Mtengee paka kipande chake kabla hujaunga.

"Maziwa ndiyo kinywaji chake."
Akishaachishwa kunyonya, paka wengi hawawezi tena kusaga sukari ya maziwa, wanaharisha. Ya mbuzi ni hayo hayo. Maji safi yanatosha.

"Ukimshibisha hakamati panya."
Hamu ya kuwinda haitokani na njaa pekee. Paka mwenye chakula mbele yake huacha sahani akamrukia panya. Kumnyima kunampa udhaifu, na paka dhaifu hawindi vizuri.

"Mifupa na matumbo ya samaki hayamdhuru, kayazoea."
Wapo waliokula miaka wasipate neno, lakini mfupa uliokaangwa hukauka na kuvunjika kwa ncha kali, ukakwama kooni. Na kuna hatari ya visiwani kwetu: matumbo ya samaki aliyevuliwa kwa mshipi yanaweza kuwa na ndoana na kipande cha uzi. Yapasue uyatazame kabla hujayatupa chini. Ukiona uzi umening'inia mdomoni mwa paka au nyuma yake, usiuvute hata kidogo, kwa sababu upande wa pili huenda umenasa na utumbo utakatwa kwa ndani. Usimpe chakula, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.