Buluu ya kioo cha saa si ngao

Wengi hapa Unguja huamini kuwa saa ambayo kioo chake hutoa mng'ao wa buluu haikwaruziki. Ile buluu hutokana na utando mwembamba mno wa kupunguza mng'ao, uliowekwa ili usome saa bila taabu pale Forodhani saa kumi jioni, jua likikupiga usoni. Kioo cha yakuti samawi, kito kigumu kinachotumika kwa vioo vya saa, kisicho na utando hurudisha karibu asilimia 8 ya mwanga kwa kila upande. Lakini utando ni laini kuliko yakuti yenyewe. Utando ukiwekwa upande wa nje wa kioo, mchanga wa pwani huukwaruza. Mimi napendelea utando wa upande wa ndani tu. Inamisha saa chini ya taa: ukiona taswira mbili za taa kwenye kioo, moja nyeupe kali na nyingine buluu hafifu, utando uko upande mmoja.