Je, injini ya RX-8 lazima ife mapema?

Wengi huamini kwamba injini ya rotari ya Mazda RX-8, gari la michezo lililoundwa kuanzia 2003 hadi 2012, lazima ife mapema. Ushahidi ni kauli za mafundi na waliowahi kulimiliki. Si uvumi mtupu: sili (vizibo) za ncha za rota, yaani kipande cha pembetatu kinachozunguka mahali pa pistoni, huchakaa, na mgandamizo (shinikizo la hewa inayobanwa ndani) ukishuka injini hugoma kuwaka ikiwa ya moto.

Lakini fundi huletewa magari mabovu, na mwenye gari zima hana cha kusimulia. Isitoshe, injini hii hupuliziwa oili ndani ya chumba cha mwako kwa makusudi, ili kulainisha sili. Oili kupungua ni kawaida yake; asiyechungulia dipstiki, kijiti cha kupimia oili, huiua injini mwenyewe, kisha lawama huiendea injini.

Ukitaka kununua, dai kipimo cha mgandamizo. Geji ya kawaida haitoshi: injini ina rota mbili, kila moja na pande tatu, na geji hiyo huonyesha namba ya juu tu, ikificha upande dhaifu. Tafuta fundi mwenye kipimo cha rotari, akuandikie namba zote sita. Na msimuliaji yeyote muulize: ilitembea kilomita ngapi, oili ilikaguliwa kila lini?