Barua mbili za udahili mkononi: soma mistari ya pesa kabla ya jina la chuo

Ikifika Machi, vijana wa kemia na baiolojia waliomaliza shahada ya kwanza Dar es Salaam, Nairobi au Makerere huanza kunitumia barua zao za udahili wa masomo ya juu kutoka vyuo vya Marekani na Ulaya. Swali ni lilelile: kaka, hiki au kile? Na wengi wameshaambatanisha orodha ya ubora wa vyuo, kana kwamba jibu limo humo.

Orodha zenyewe nazijua. Ile ya Shanghai hutoa asilimia 30 ya alama kwa tuzo za Nobel na medali za Fields (za hisabati) za wahitimu na wahadhiri wa chuo. Huenda aliyeshinda ni mwanafizikia, na wewe unakwenda kusomea vimelea vya malaria. Ya QS nayo hutoa asilimia 30 kwa sifa ya chuo machoni pa wanataaluma waliojaza dodoso. Supavaiza wako ni mtu wa namna gani, hakuna orodha inayopima.

Mimi huanza na barua. Ya uzamivu wa sayansi Marekani kwa kawaida humchukua mtu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, humsamehe ada na kumlipa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti, miaka mitano au zaidi. Tafuta mistari mitatu: posho ni ya miezi 9 au 12? Bima ya afya imo? Zile ada ndogondogo za kila muhula anazilipa nani? Tuseme umeahidiwa dola 30,000 kwa mwaka. Hizo ni 2,500 kwa mwezi kabla ya kodi ya mapato. Iowa utaishi; Boston pango litakula zaidi ya nusu.

Ujerumani watu hupenda kusema ni bure. Vyuo vingi vya umma kweli havitozi ada, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wa uzamili wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Ila kama huna udhamini, njia ya kawaida ya kupata viza ni kuweka fedha kwenye akaunti iliyofungwa. Tangu Septemba 2024 ni yuro 11,904 za mwaka mzima, na utaruhusiwa kutoa 992 tu kila mwezi. Nimeona familia zikiuza kiwanja kwa ajili ya hiyo bure.

Sasa supavaiza, maana huyu ndiye atakayekufanya umalize au usimalize. Programu nyingi za baiolojia Marekani hukuzungusha kwenye maabara mbili tatu mwaka wa kwanza ndipo uchague. Ulaya mara nyingi unaingia ukiwa umeshafungwa na mmoja, kwa hiyo uchunguzi ufanye mapema. Fungua ukurasa wa maabara yake, shuka hadi kwa wanafunzi waliopita, kisha mwandikie aliyekwisha kuondoka, si aliyeko bado chini ya bosi. Muulize walimaliza kwa miaka mingapi, na ruzuku ya utafiti ya profesa ilipokatika waliishije. Akikujibu “nipigie tu,” piga. Ana jambo ambalo hataki kuliandika.

Suala la ruzuku linamgusa mgeni zaidi. Ufadhili wa NSF (mfuko wa serikali ya Marekani wa sayansi) kwa wanafunzi wa uzamivu, na ule wa mafunzo wa NIH (taasisi zake za utafiti wa afya), ni wa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani. Mwenzako wa meza ya pili anaweza kuwa na fedha zake mwenyewe. Wewe unategemea mfuko wa profesa au kufundisha. Kwa hiyo muulize waziwazi: ruzuku yako ya sasa inaisha mwaka gani? Profesa mwenye mambo yaliyonyooka hachukizwi na swali hilo.

Na usikimbizwe. Vyuo vingi vya Marekani vimesaini makubaliano yanayompa mwombaji mwenye ahadi ya ufadhili muda hadi tarehe 15 Aprili kujibu. Ukipewa siku tatu mwezi Februari, andika kwa adabu uulize kama idara yao imo kwenye makubaliano hayo.